Hiyo Tovuti Bado Ipo?

Baba yangu alistaafu ualimu akiwa na vitu vitatu alivyopenda kuviita vyake: baiskeli, shamba la michungwa la ekari mbili hivi nje kidogo ya mji wa Muheza, na riwaya. Baiskeli iliibwa mwaka uleule aliostaafu. Michungwa ipo. Riwaya ndiyo inayonileta hapa, ingawa nikishaitaja mada yenyewe utadhani nimekosea mlango: nataka kuzungumzia tovuti za kampuni, zile zenye "Kuhusu Sisi" na "Wasiliana Nasi", na kwa nini mwenye kampuni anayeiacha tovuti yake bila kuigusa miaka na miaka anaweza kumuumiza mtu ambaye hatakaa amwone.

Najua hapa tumezoea kuzungumza vitabu. Vumilieni kidogo, kitabu kimo.

Baba aliandika riwaya yake kwa miaka kumi na mmoja, usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto wa watu. Inahusu familia moja ya Tanga kwa vizazi vitatu, kuanzia babu aliyeletwa kama manamba kwenye shamba la mkonge, mpaka mjukuu aliyeyaona mashamba yaleyale yakitaifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, kisha yakiota vichaka. Sitaisifia. Ni ya baba yangu, siwezi kuwa mwamuzi wa haki. Nitasema tu kwamba kuna sura ya mama anayemtafuta mtoto wake usiku katikati ya mistari ya mkonge, na mimi ninayelipwa kwa kuhariri maneno ya watu niliisoma nikiwa nimesimama ndani ya daladala, nikapitilizwa kituo.

Mwaka 2020, wakati wa korona, binti mmoja wa steshenari pale Muheza alimchapia. Kurasa 312. Nikaliomba faili, nikaliweka kwenye kompyuta yangu, nikajua tumeshamaliza. Kumbe baba ndio kwanza alikuwa anaanza. Alizichukua zile karatasi akazipitia kwa kalamu nyekundu, mwalimu ni mwalimu tu, mwaka mzima na ushei. Alifuta, akaandika pembezoni, akahamisha aya kwa mishale, na sura tatu za mwisho akaziandika upya kwa mkono nyuma ya karatasi. Hakuniambia. Kwake halikuwa jambo la kutangaza. Mtu anasahihisha kazi yake, anamtangazia nani?

Ikabaki kutafuta mchapishaji. Kazi hiyo nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye niliyeko Dar es Salaam na ndiye "mtu wa magazeti". Nikaingia mtandaoni, nikatafuta, na sikuchukua hata nusu saa. Nilipata tovuti ya kampuni moja ndogo ya uchapishaji ambayo sitaitaja. Ilikuwa safi: picha ya rafu ya vitabu, maneno ya kukaribisha, na kitufe kilichoandikwa "Waandishi". Ukikibonyeza unapata maelekezo. Tunapokea riwaya, tamthiliya na ushairi kwa Kiswahili. Mswada uwe umechapwa, uletwe ofisini au utumwe kwa posta, hatupokei kwa baruapepe. Tutakujibu ndani ya miezi sita. Tafadhali usipige simu kuulizia mswada wako. Chini yake jina la jengo, ghorofa, namba ya chumba.

Mimi ni mwandishi wa habari, nimefundishwa kukagua chanzo. Basi nikakagua. Nikashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa kuangalia mwaka, na mwaka uliokuwepo ulikuwa 2022, mwaka huohuo tuliokuwa nao. Nikasema hawa wapo. Nikampigia baba.

"Wamesema wasipigiwe simu," nikamwambia.

"Ni sawa," akajibu. "Ukisumbua mtu anayesoma, anasoma kwa hasira."

Tarehe 14 Machi 2022 nilipokea bahasha pale Kituo cha Magufuli, Mbezi, kutoka kwa kondakta wa basi la Tanga. Bahasha ya kaki, nzito kama tofali, imefungwa kwa kamba ya katani. (Baba hajawahi kufunga kitu kwa selotepu maishani mwake.) Nilikuwa na habari ya kumaliza kabla ya saa kumi jioni. Sikuifungua. Kwa akili yangu faili nilikuwa nalo, hizo zilikuwa karatasi tu. Nikampa kijana wa bodaboda shilingi elfu tano na anwani. Saa moja baadaye akanitumia picha kwa WhatsApp: kitabu cha mapokezi cha lile jengo, saini, na bahasha juu ya meza. Nikamtumia baba ujumbe: Imepokelewa.

Akapiga simu. "Basi sasa tunahesabu," akasema, na nikamsikia anavyotabasamu.

Alihesabu kweli. Kwenye kalenda ya ukutani, ile ya chama cha ushirika, alizungushia duara tarehe 14 Septemba. Tarehe hiyo ikafika, ikapita. Akasema tuwaongeze mwezi, labda kazi ni nyingi. Akaongeza mwingine. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia, Novemba, nikapiga namba ya kwenye tovuti. Namba haipatikani. Baruapepe ikanirudia baada ya dakika moja. Siku iliyofuata nikaenda.

Kwenye ile ghorofa, kwenye kile chumba, kulikuwa na saluni.

Mlinzi wa zamu hakuijua hiyo kampuni. Mwenzake wa zamani aliijua. "Hao walihama kitambo, ndugu yangu, kabla ya korona," akaniambia. "Vifurushi vyao vilikuwa vinaendelea kuja, tunasaini, tunaweka pale chini ya ngazi. Walipopaka rangi jengo mwezi wa saba wakasafisha kila kitu." Alisema "kila kitu" kwa mkono, ule mkono wa kufagia hewa.

Niliwapata wenye kampuni baada ya wiki mbili, kupitia mtu anayemjua mtu. Walikuwa wamehamia nyumbani kwa mwenye kampuni, huko pembezoni mwa jiji, na tangu mwaka 2019 walikuwa wanachapa vitabu vya ziada vya shule tu. Mhariri, mama mtaratibu sana, alinikaribisha chai. Nikamweleza. Nikamwonyesha ukurasa kwenye simu yangu. Aliichukua, akaisogeza karibu na macho, akapandisha na kushusha kwa kidole, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya msiba.

"Hiyo tovuti," akasema, "bado ipo?"

*

Nimekaa na swali hilo muda mrefu. Mwanzo lilinipandisha hasira. Hasira ilipopungua nikaona kwamba yule mama aliuliza kwa ukweli kabisa, na kwamba ndani ya swali lake kuna kitu ambacho wafanyabiashara wetu wengi hawajakielewa kuhusu hivi vitu.

Tunaichukulia tovuti kama kibao cha dukani. Unamtafuta fundi, anachora, anapandisha, unalipa, basi. Lakini kibao kinachakaa. Jua linakipiga, herufi moja inabanduka, na siku ukihama unakiona kwa macho yako pale juu, unakiteremsha au mwenye nyumba anakiteremsha. Hata usipokiteremsha, mteja akisimama mlangoni anaona kufuli limeshika kutu, vumbi kwenye kioo, buibui. Duka lililokufa linajieleza lenyewe.

Tovuti haishiki vumbi. Inabaki kama ilivyokuwa siku ya kwanza, rangi ileile, "Karibu Sana" ileile, saa nane usiku na saa nane mchana. Mwenyewe haioni, kwa sababu hakuna mtu anayeingia kwenye tovuti ya kampuni yake mwenyewe. Anayeiona ni mgeni, na mgeni hana cha kulinganishia.

Halafu kuna ule mwaka. Niliporudi nyumbani siku ile nilimuuliza rafiki yangu anayetengeneza tovuti: inakuwaje ukurasa ambao haujaguswa miaka yote hiyo uandike 2022? Akacheka. Akanieleza kwamba ni mstari mmoja wa msimbo unaosoma kalenda ya kompyuta na kuandika mwaka wenyewe. Unawekwa makusudi ili tovuti isionekane imezeeka. Januari mosi ikifika namba inabadilika hata kama kampuni nzima imekufa. Kile kitu kimoja nilichokiangalia ili kujua kama kuna mtu ndani, ndicho pekee kilichokuwa kinajiendesha.

Nikaenda kwenye Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za zamani ya Internet Archive ya Marekani, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001. Ukiipa anwani ya tovuti inakuonyesha ilivyokuwa tarehe fulani na fulani, kama albamu ya picha. Nikazifungua picha za ukurasa ule moja baada ya nyingine. Maneno yalikuwa yaleyale mwanzo hadi mwisho, hadi nukta. Kilichokuwa kinatembea ni ule mwaka tu pale chini: 2015, 2017, 2018, 2021. Kipande cha "Habari Mpya", ambacho nakiri nilikiona mara ya kwanza nikakiruka, kilikuwa na picha moja ya banda la Sabasaba na hakikuwa na tarehe.

*

Sasa niseme na upande wa pili, kwa sababu nao naujua, tena kwa ndani.

Nilipomaliza chuo, kabla gazeti halijanichukua, nilijipatia hela ya kula kwa kuandika maneno ya tovuti. Ile ilikuwa miaka michache baada ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009 na intaneti kuanza kuwa kitu cha maana, na kila mwenye ofisi aliambiwa asiye na tovuti hayupo duniani. Nimewaandikia wauza matairi, shule za chekechea, kampuni ya kukodisha viti na maturubai. Nakumbuka vikao. Wiki mbili tunabishana juu ya Dira na Dhamira, iwe "kuwa kampuni inayoongoza" au "kuwa kampuni bora inayoongoza". Picha ya mkurugenzi imerudiwa mara tatu kwa sababu ya tai. Siku ya uzinduzi keki, soda, makofi. Katika vikao vyote hivyo sikumbuki hata kimoja ambacho mtu aliuliza: namba ya simu ikibadilika, nani ataibadilisha humu?

Na mimi sikuuliza. Nililipwa kwa idadi ya kurasa.

Kwa hiyo mwenye kampuni aliponieleza yaliyotokea kwake, hakunishangaza. Tovuti ilitengenezwa mwaka 2013 na kijana aliyekuwa anakuja kuwarekebishia kompyuta. Nenosiri analo yeye. Kijana akaenda Afrika Kusini kutafuta maisha. Biashara ya riwaya ikawa ngumu, kodi ya ofisi ikawashinda, wakahama kwa lori moja siku ya Jumapili. Waliwapigia simu benki, mamlaka ya mapato, mawakala wa vitabu na mtu wa maji ya kunywa. Tovuti haikuwemo kwenye orodha kwa sababu haikuwemo kwenye lori. Ada ya kuiweka hewani ilikuwa inakatwa mara moja kwa mwaka kwenye kadi ya benki ya mzee, dola chache, na yeye akidhani ni makato ya benki. Yaani alikuwa analipa kila mwaka ili tovuti imwahidi baba yangu majibu ndani ya miezi sita.

Nikamuuliza kama kuna wengine walioleta miswada baada ya wao kuhama. Akanyamaza. Mlinzi alikuwa ameniambia "vifurushi", kwa wingi.

Tusidanganyane kwamba hili ni la wachapishaji wadogo tu. Jaribu wewe mwenyewe leo jioni. Kituo cha mabasi ya mikoani kilihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Tafuta safari ya mkoani mtandaoni uone mabasi mangapi bado yanaondokea Ubungo. Kuna watu wa Dar wanaojua, watakucheka. Lakini mtu anayetoka Masasi kwenda Bukoba kuzika, ambaye mara ya mwisho alipita hapa miaka minane iliyopita, yeye anaamini alichosoma. Na ndiye aliyekuwa na haja ya kusoma. Anayeijua njia hasomi.

Niliwahi kuandika kisa cha shirika la ndege la Air Canada, kikanikaa kichwani mpaka nilipokielewa kwa njia nyingine baada ya mambo ya baba. Abiria alifiwa na bibi yake Novemba 2022, akaingia kwenye tovuti ya shirika kuuliza nauli nafuu ya wafiwa. Programu ya mazungumzo iliyokuwa kwenye tovuti hiyohiyo ikamwambia akate tiketi kwa bei ya kawaida, kisha aombe punguzo ndani ya siku 90. Akafanya hivyo. Kumbe ukurasa mwingine wa tovuti ileile ulisema punguzo haliombwi baada ya safari. Shirika likakataa kumlipa, na mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia likajitetea, kati ya mengine, kwamba ile programu ni kitu kinachojitegemea na kinawajibika kwa maneno yake chenyewe. Februari 2024 baraza likasema hapana. Kila kilichomo kwenye tovuti yako ni neno lako, na mteja hana sababu ya kujua kwamba ukurasa huu ni wa kuaminika na ule si wa kuaminika. Akalipwa zaidi kidogo ya dola 800 za Kanada, riba na ada ndani yake.

Pesa yenyewe ni ndogo. Kilichonivutia ni ule utetezi, kwa sababu ndio utetezi wetu sote ingawa hatuusemi mbele ya baraza: si sisi tuliosema, ni tovuti. Kwa Kiswahili tuna neno zuri la kazi hii, kuhuisha. Tunalitumia ofisini bila kulisikia: huisha taarifa zako, mfumo unahuishwa. Ni kukipa kitu uhai. Mtu wa kwanza kulichagua neno hilo alikuwa na akili sana, maana kitu kisichohuishwa tunajua kinaitwaje, na hakuna anayeacha maiti mapokezini ipokee wageni.

Wapo watakaosema tovuti zimepitwa, siku hizi mambo yote yako Instagram na WhatsApp. Nakubali nusu. Mama anayeuza vitenge Kariakoo hahitaji tovuti, anaweka picha asubuhi, mchana ameuza, na picha ya jana inajulikana ni ya jana. Huo mtindo una uaminifu fulani: tarehe inaonekana. Ila kampuni nyingi zimehamia huko na kuliacha jengo la zamani likiwaka taa. Na nani anayepiga hodi kwenye jengo la zamani? Ni mzee asiye na Instagram anayemwomba mwanawe amtafutie. Ni mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Leipzig anayetaka kununua diwani. Ni hizi programu za akili mnemba, ambazo watu sasa wanaziuliza badala ya kutafuta wenyewe, nazo zinasoma ukurasa uleule wa 2013 na kuurudia kwa sauti ya uhakika zaidi.

Wala sidai kila kitu kiwe kipya. Sisi wapenzi wa vitabu ndio wa mwisho kudai hivyo. Nimepata raha nyingi kwenye kurasa za zamani zilizosahauliwa, majarida yaliyokufa, orodha za vitabu vya miaka ya tisini. Ukurasa wa zamani wenye tarehe ni kumbukumbu, unajua unaongea na nani. Ninachodai ni kidogo kiasi cha aibu. Uko wapi. Unapatikana kwa namba ipi. Unafungua saa ngapi. Kile ulichosema unafanya, bado unafanya? Na mstari mmoja pale chini, ulioandikwa na mtu na si na kalenda, unaosema mara ya mwisho umepita humu lini.

Mwenye kampuni aliniomba nimsaidie, na nilimsaidia, nusu kwa wema na nusu kwa kutaka kuona mwenyewe ingechukua muda gani. Yule kijana wa kompyuta nilimpata Facebook, yuko Durban, anauza vipuri. Alijibu ndani ya dakika kumi, akaomba radhi sana, akatuma nenosiri. Lilikuwa jina la kampuni na 2013. Tukaingia, mimi na yule mama mhariri, kwenye meza yake ya kulia chakula. Tukafuta ukurasa wa "Waandishi". Tukaandika: Ofisi imehama. Hatupokei tena miswada ya riwaya, tamthiliya na ushairi. Namba mpya, tarehe ya siku ile. Niliangalia saa. Dakika saba, na mbili kati ya hizo alikuwa anatafuta miwani.

Usiku ule nikafungua ukurasa wangu mwenyewe, ule niliojitengenezea zamani wa kuweka makala zangu. Ulisema bado niko kwenye gazeti nililoondoka mwaka 2018. Baruapepe ya gazeti ilishafungwa. Lakini kulikuwa na kisanduku cha "Niandikie" kilichokuwa kinatuma ujumbe kwenye anwani nyingine niliyoisahau, na humo nilikuta jumbe 41. Nyingi za matapeli. Moja ilikuwa ya dada mmoja wa Kigoma aliyeandika kitabu cha hadithi za watoto, akaniuliza kwa adabu kubwa kama ningekubali kukisoma. Alikuwa ameandika tena baada ya miezi mitatu, kuuliza kama alinikosea. Nimemjibu, nimeomba radhi, na hajarudi.

*

Kumwambia baba ilibidi niende Muheza. Sikuweza kulisema kwenye simu. Alikuwa amekaa barazani, nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikaeleza yote, saluni, ngazi, rangi. Alinisikiliza kama alivyokuwa anasikiliza wanafunzi wake, mpaka mwisho, bila kukatisha.

"Faili ninalo, baba," nikamwambia. "Tutachapisha nakala nyingine kesho."

Hapo ndipo aliponiambia kuhusu kalamu nyekundu.

Sijui niliyosema baada ya pale. Nakumbuka yeye ndiye aliyenituliza. "Mwanangu, wewe ulisoma kilichoandikwa," akasema. "Umefanya kama nilivyokufundisha." Sidhani kama alikusudia liniume.

Angeweza kuanza upya, na alijaribu. Ila mwaka uliofuata macho yakazidi. Daktari alisema ni presha ya macho, ilikuwepo muda mrefu, dawa itazuia isiendelee lakini kilichopotea hakirudi. Mwandiko wake mwenyewe hauoni tena. Kwa hiyo tumebuni utaratibu. Kila Jumapili, saa mbili usiku, baada ya taarifa ya habari, nampigia. Namsomea kutoka kwenye faili, ule mswada wa kwanza wa binti wa steshenari, na yeye ananisimamisha. Ajabu ni kwamba anakumbuka kila alipofuta. Kila mahali, karibu neno kwa neno: hapo nilifuta, hapo nilihamisha, huyo nilimbadilisha jina. Alichoweka badala yake ndicho mara nyingi hakikumbuki. Basi tunatafuta. Wakati mwingine anapata kitu, ananisomesha taratibu na nukta zake na mkato zake, halafu anasema, si hicho, lakini kiandike.

Jumapili iliyopita tulifika ukurasa wa 147. Ni ile sura ya mama kwenye mkonge, iliyonipitiliza kituo. Nikamsomea aya ya kwanza.

"Hapo nilifuta," akasema.

"Yote?"

"Yote."

Nikasubiri. Upande wake nikasikia redio ya jirani, na mbwa, na mtu akivuta ndoo.

"Soma tena," akasema. "Polepole."